Kode Iliyobandikwa Mgongoni

Saa ile Mwalimu Théodore alipokuwa akiwaambia wanafunzi wasimpe mtu yeyote kode ya telefoni zao, hata rafiki, hata mchumba, hata pasta, telefoni yake mwenyewe ilikuwa kwa Fiacre. Ilikuwa imelala kwenye rafu kati ya telefoni za watu, inanyonya umeme kama ndama, na kode yake imeandikwa kwa kalamu ya bik juu ya kipande cha sparadra, ile plasta ya kidonda, kilichobandikwa mgongoni. Si kwamba Théodore alikuwa mjinga kuliko wengine. Nusu ya Rwambuzi, mtaa wetu wa Bunia, inafanya hivyo. Nyumba hazina umeme, telefoni inapelekwa asubuhi kwa Fiacre, na Fiacre anataka kode ili aifungue na kuangalia kama betri imejaa, au kama mwenye telefoni hajaacha muziki unaimba ndani na kula moto wa watu bure. Ukificha kode yako, telefoni yako inalala mwisho wa rafu, na jioni unaichukua ikiwa na njaa ileile uliyoipeleka nayo.

"Kode ni siri," Théodore alisema. "Murudilie."

"Kode ni siri," darasa zima likaimba. Pale shuleni kila kitu kinarudiliwa. Ukipiga chafya mbele ya ubao watakurudilia.

Mvulana mmoja wa nyuma, Héritier, ambaye kazi yake ni kuuliza yasiyoulizwa, akainua mkono. Alitaka kujua, kwa heshima yote, kama Fiacre naye ni mtu. Darasa likaanguka kwa kicheko, maana Fiacre mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, ameshika waya. Masini ya kuonyesha picha ukutani ililetwa na shirika lenye mradi wa kulinda watoto kwenye intaneti, lakini grupu, yaani jenereta ya kuiwasha, ilikuwa yake, inanguruma uani na kutoa moshi. Fiacre alicheka kuliko wote. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye shati safi, anayesalimia wamama kwa mikono miwili. Théodore akajibu kwamba Fiacre ni kama ndugu, ndugu hahesabiwi, na akapita kwa pointi ya tatu.

Alikuwa amevaa tisheti ya bluu aliyopewa kwenye semina. Mgongoni ilikuwa imeandikwa: MTOTO AKISEMA, TUSIKIE. Maneno hayo waliyasoma watu wote waliotembea nyuma yake. Yeye mwenyewe, kama unavyojua mambo ya mgongo, hakuyaona hata mara moja. Kilichokuwa machoni pake ni Madame Suzanne wa shirika, ambaye alikuwa amesema atarudi kuangalia jinsi somo linavyoendelea. Akiridhika, Théodore atazungushwa katika shule zote za kata kama mwalimu wa mradi, na pikipiki ya shirika itakuja kumchukua mlangoni. Alikuwa ameshachagua hata namna ya kupanda ile pikipiki.

Katika benchi la pili alikaa Nadège, binti yake, miaka kumi na tano. Siku ile hakucheka. Alikuwa anaandika pointi ya nne, akaipigia mstari chini.

*

Jioni ile Nadège alimwacha baba amalize bugali kwanza. Hilo alilijua tangu utotoni: Théodore mwenye njaa hasikii, na Théodore aliyeshiba anaweza kusikia kidogo. Akachukua sahani, akarudi, akasimama mbele yake mikono nyuma kama mtu anayesoma shairi.

"Papa, niko na neno. Ile pointi ya ine inasema, ukisumbuliwa, ambia mutu muzima mwenye unamutumainia. Njo minakuambia weye."

Ni lazima tuseme kweli: moyo wa Théodore uliona utamu. Module, somo lile la shirika, ilikuwa inafanya kazi nyumbani kwake mwenyewe. Kwa sekunde chache alijiona akimsimulia Madame Suzanne kisa hiki, bila kutaja jina la msichana, na Madame akitikisa kichwa.

Nadège akaeleza. Telefoni ya nyumba ilikuwa moja, ya baba, lakini jioni yeye ndiye aliyeishika. Katika Watsapu alikuwa amejitokeza kijana anayeitwa Patou, eti mwanafunzi kule Mahagi, mcheshi, anajua hata vitu vinavyomchekesha Nadège, kama vile alizaliwa naye. Kisha kijana akaanza kumwita. Aje peke yake, jua likizama, nyuma ya nyumba ya kuchajia telefoni, na asimwambie mama. Nadège akakataa. Patou akaacha ucheshi. Akaandika kwamba ana sauti yake iliyorekodiwa, na kama Jumamosi hatakuja ataitawanya kwa wazazi wote wa shule.

"Na leo akaniandikia kama sparadra ya manjano inapendeza telefoni yetu," Nadège alisema. "Asubuhi ilikuwa nyeupe, Papa. Fiacre aliibadilisha leo. Ile Patou iko Fiacre."

Geneviève, mama yake, alikuwa anaosha sufuria kizingitini. Mkono ukasimama ndani ya maji.

Théodore akaikamata telefoni na kusoma. Maneno yalikuwa pale, moja juu ya lingine, na mtu yeyote mwenye macho angeona mtu mzima anamzungukia mtoto kama mbwa anavyozunguka banda la kuku. Théodore aliona. Aliona vizuri kabisa. Halafu akauliza, "Sauti gani?"

Nadège akatazama chini.

"Mi nauliza sauti gani."

Ilikuwa sauti aliyomtumia rafiki yake Tina wiki mbili nyuma, kwa telefoni hiihii, kwa kuchezacheza. Ndani yake Nadège alikuwa akimwiga baba yake. Alianza na kile kikohozi cha Théodore cha kufungulia somo. "Pointi ya kwanza, euh, intaneti iko kama soko." Kisha akahamia kwa Théodore wa nyumbani, sauti imeshuka, ina woga: "Nadège, weye, banatuma picha namna gani? Ile kidole minaweka wapi? Hapa? Eh, imepotea. Rudisha, mutoto, rudisha." Na mwisho kicheko cha wasichana wawili.

Théodore alisikiliza mara ya kwanza. Akasikiliza mara ya pili. Mtoto alimwiga vizuri kuliko yeye mwenyewe anavyojiiga kila asubuhi mbele ya ubao. Kikohozi kilikuwa kilekile. Na hilo ndilo lilimwingia, likakaa mahali pa lile lingine, la Patou.

"Baba Michée," Geneviève akasema kutoka kizingitini, "mutoto anakuambia juu ya mwanaume, weye uko unasikiliza kikohozi?"

Jina la Baba Michée alilipata kwa mtoto wao wa kwanza, kama desturi. Michée alikwenda kuchimba dhahabu kule Kilo, shimo likafunga mdomo na yeye yumo, na hawakupata hata mwili wa kuzika. Jina likabaki kwa wazazi. Kilichobaki kingine ni sauti moja ndani ya telefoni, aliyoituma siku alipofika: "Mama, tulifika salama. Minakula. Usililie mimi, nitakuletea kitenge." Kila siku ya Mungu, yaani Jumapili, wakitoka kanisani, Geneviève anaketi, Nadège anamfungulia telefoni, na Michée anafika Kilo salama tena.

Théodore akakohoa. Akasema kesho ataenda kwa Fiacre, mwanaume kwa mwanaume.

Usiku ule Nadège alilala usingizi mzito, mdomo wazi, kama mtu aliyetua mzigo kichwani. Tuuweke huo usingizi ndani ya hadithi, maana hautarudi.

*

Alikwenda asubuhi, amevaa tisheti ya bluu ili neno lake liwe na uzito. Njiani alikuwa ametengeneza sentensi yenye Kifaransa mwanzoni na Biblia mwishoni. Kwa Fiacre benchi lilikuwa limejaa: wapiga pikipiki, mama mmoja muuza samaki, na wazee wawili ambao hawana telefoni lakini wanapenda kuketi. Théodore akavuka kizingiti, akavuta pumzi.

"Karibu, Muwalimu," Fiacre akasema. "Ile kidole unaweka wapi?"

Benchi zima likacheka. Mpiga pikipiki mmoja akainua kidole juu na kukitafutia mahali hewani. "Imepotea," akasema kwa sauti nyembamba. "Rudisha, mutoto, rudisha." Muuza samaki akajifuta machozi kwa kitenge. Hawakucheka kwa chuki, na hilo ni baya zaidi. Walicheka kama watu wanaocheka kitu walichokizoea, maana walikuwa wameisikia ile sauti jana, na juzi, kabla hata ya ile Jumamosi ya Patou, kwenye spika kubwa ambayo Fiacre anawekea nyimbo za kanisa.

Sentensi ya Théodore ikaanguka pale kizingitini, Kifaransa na Biblia pamoja. Alichofanya ni kucheka. Akacheka pamoja nao, hata akakohoa kile kikohozi, makusudi, na benchi likampigia makofi.

Fiacre akamvuta pembeni, karibu na rafu, mkono begani. Hakukana. Alisema Patou ni jina la mchezo tu. Alikuwa anapima kama lile somo linaingia vichwani, kwa sababu yeye naye ni mzazi, na grupu yake inachoka bure kama somo haliingii. Nadège alikataa kuja, alimwambia baba yake, basi amefaulu mtihani.

"Ungenishukuru," Fiacre alisema. "Lakini kama roho yako haitulii, enda ushitaki. Ile siku ya Madame Suzanne tu, niko naogopa. Grupu yangu iko na hasira. Inaweza kukataa kuwaka."

Théodore alimtazama. Alijua uongo unavyonuka, yeye ni mwalimu, analetewa uongo kila siku na watoto ambao bibi zao wanakufa kila mtihani. Alijua. Lakini nyuma yake watu bado walikuwa wanatafuta kidole hewani, na mbele yake alikuwapo mtu pekee aliyesema naye kwa upole asubuhi ile.

"Mambo ya batoto," akasema.

"Batoto," Fiacre akakubali. "Telefoni iko na moto?"

Haikuwa na moto. Théodore akaitoa mfukoni, akaitazama kidogo, akampa. Alikuwa amekuja kushitaki, akaondoka ameacha telefoni ichajiwe. Fiacre akakataa hata malipo, na watu wakaona moyo wake mzuri.

*

Saa za mchana Fiacre alitaka kuifungua ile telefoni na kusafisha maneno ya Patou. Akasoma sparadra, akabonyeza kode. Telefoni ikakataa. Akabonyeza tena polepole. Ikakataa.

Alfajiri ile, baba akiwa bado anakoroma, Nadège alikuwa amebadilisha kode. Pointi ya tano ilisema usifute, tunza ushuhuda. Alikuwa mwanafunzi mzuri, hilo ndilo lilikuwa kosa lake kubwa.

Na Geneviève naye hakunyamaza. Kwenye bomba la maji aliwaambia wamama wawili wasiwatume wasichana kwa Fiacre. Wamama wawili kwenye bomba ni redio. Kabla maji hayajajaa kwenye mitungi, habari ilikuwa imefika kwa Fiacre, na kabla hajafunga duka alikuwa ameketi mbele ya prefe, mkuu wa shule, ameinamisha kichwa, anasema jina lake limechafuliwa na watu aliowasaidia.

Prefe Néhémie hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu asiyetaka kelele, na ukiishi Bunia muda mrefu utajua kwamba hao wawili wanafanana. Akawaita wote asubuhi, akafunga mlango wa ofisi, akasema mambo ya nyumbani yanaishia nyumbani, kama wazee walivyofanya siku zote. Kwa desturi, mwenye kosa analeta kuku au mbuzi, wanakula, wanasahau. Ikabaki tu kujua mwenye kosa ni nani. Prefe aliliangalia swali hilo pande zote, akakuta kwamba msichana alimwigiza mwalimu, ambaye ni baba yake pia, kwa hiyo makosa mawili. Kisha aliandikiana na mwanaume, matatu. Kisha jina la Fiacre likaburutwa kwenye matope ya bomba. Fiacre yeye alifanya nini? Aliandika. Kuandika si kugusa.

"Angefika kule nyuma ya duka, mungesema nini?" Geneviève akauliza.

"Lakini hakufika, Mama," prefe akamjibu kwa upole. "Tumushukuru Mungu."

Uamuzi ukatoka. Nadège apige magoti aombe samahani. Maneno ya Patou yafutwe hapohapo mbele ya wote, ili kesho yasiende kuwachoma watu. Akikataa, anafukuzwa shule, na Madame Suzanne ataambiwa kwamba mwalimu wa mradi hawezi kufundisha hata mtoto wa tumbo lake.

Macho yote yakamgeukia Théodore. Nadège naye alimtazama. Hakuwa analia. Alikuwa na uso wa mwanafunzi ambaye amejibu vizuri na anangoja mwalimu aseme ndiyo.

"Piga magoti," Théodore akasema.

Msichana hakuelewa mara ya kwanza, au alielewa na akataka asikie tena.

"Nadège. Piga magoti."

Akapiga. Sementi ya ofisi ilikuwa na mchanga, ukasikika chini ya magoti. Akiwa pale chini akainua kichwa, na akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anavyouliza darasani:

"Papa, hii iko pointi ya ngapi?"

"Ona midomo," prefe akasema.

Akaomba samahani. Alimwomba prefe, akamwomba Fiacre, akamwomba mwalimu. Alisema "muwalimu." Fiacre akaipokea samahani kwa mikono miwili, kama anavyopokea kila kitu, kisha akaitoa mfukoni ile telefoni, ambayo hakuwa ameirudisha, akaiweka mezani. Kikabaki kitu kidogo tu, akasema: kode.

"Kode ni siri," Nadège akasema.

Théodore alimpiga kofi. Katika maisha yake hakuwa amempiga mtoto huyu usoni, na mkono wenyewe ulishangaa, ukabaki hewani.

"Usimupige, Muwalimu," Fiacre akasema taratibu. "Iko mutoto."

Ndiyo hivyo. Katika chumba kile mtu aliyemwonea huruma Nadège alikuwa Fiacre, na prefe akatikisa kichwa kwa kuona ukarimu huo. Fiacre akaendelea kusema hakuna haja ya kugombana. Yeye anaweza kuifungua bila kode. Ni dakika chache. Ila itasafishwa yote, irudi kama siku ilipotoka dukani.

"Yote?" Théodore akauliza.

"Yenye iko ndani ya tumbo yake, yote."

Geneviève akasimama. Ni Nadège aliyesema, na sasa alikuwa analia, kofi halikumliza lakini hili lilimliza. "Papa, Michée iko mule. Ngoja. Nitaifungua mimi. Nitafuta yote banataka. Lete, Papa."

Akanyoosha mkono kutoka pale chini. Na Théodore angeweza kuichukua telefoni na kumpa. Ilikuwa mezani, karibu na kiwiko chake. Angempa, maneno ya Patou yangefutwa, prefe angeridhika, Michée angebaki. Alilijua hilo, na alilijua siku zote baadaye. Lakini prefe alikuwa anamtazama kuona kama katika nyumba yake mtoto ndiye anayeamua lini afunge na lini afungue. Na masikioni mwake benchi zima lilikuwa bado linacheka. Rudisha, mutoto, rudisha.

"Umechelewa," akasema. Akaisukuma telefoni upande wa Fiacre. "Safisha."

Ilikuwa dakika chache kweli. Fiacre alijua kazi yake. Alibonyeza pembeni, akangoja, akabonyeza tena, na kioo kikawaka cheupe kama jicho la mtu aliyezimia. Kisha akatoa mfukoni sparadra mpya, akaandika kode mpya, akaibandika mgongoni na kuipapasa kwa kidole gumba ili ishike.

*

Siku ya Mungu walitoka kanisani, na Geneviève akaketi mahali pake palepale, mikono juu ya magoti. Ofisini alikuwa ameona kwa macho yake. Hata hivyo akanyoosha mkono, na Théodore akampa telefoni, kwa sababu hakujua kitu kingine cha kumpa.

Akaiweka sikioni. Nadège, aliyezoea kumfungulia, alibaki amesimama karibu naye. Ilikuwa imezimwa, kioo cheusi, lakini Geneviève akaisikiliza kwa muda uleule ambao sauti ingechukua: kufika salama, kula, kutolia, kitenge. Alipomaliza akaiweka juu ya kiti, akainuka, akaingia jikoni.

Théodore alikaa anangoja kelele. Alikuwa ametayarisha majibu. Angesema juu ya mradi, juu ya pikipiki, juu ya Nadège kubaki shuleni. Jikoni kulisikika mwiko tu.

Geneviève akatoka na bugali na sombe ya majani ya muhogo, akaweka mezani, akaweka maji ya kunawa.

"Muwalimu," akasema, "chakula iko tayari."

Théodore akatazama mlangoni kuona ni mgeni gani anaitwa. Hakukuwa na mgeni. Akangoja ajisahihishe, aseme Baba Michée. Alingoja wakati wa kunawa, akangoja tonge la kwanza mpaka la mwisho. Sahani zilipoondolewa alielewa kwamba Michée amekufa mara ya pili, na safari hii hakuacha baba.

*

Madame Suzanne alikuja na gari, kalamu na kofia za shirika. Grupu haikuwa na hasira siku ile. Iliwaka mara ya kwanza, na Fiacre akasimama mlangoni na waya wake, shati limepigwa pasi, akimsalimia Madame kwa mikono miwili. Prefe alikuwa ameketi mbele. Théodore akakohoa, darasa likauma midomo, na somo likaanza.

Lilikwenda vizuri. Watoto walirudilia kama kwaya. Madame alikuwa anaandika na kutabasamu, mpaka alipotaka kumsikia mmoja wao peke yake. Macho yake yakapita juu ya wale waliojisukuma mbele, yakatua kwa msichana wa benchi la pili ambaye hakuinua mkono.

"Wewe, mrembo. Mtu akikusumbua kwenye telefoni, unamwambia nani?"

Nadège akasimama, mikono nyuma.

"Mutu muzima mwenye ninamutumainia, Madame."

"Vizuri sana. Kwa mfano nani?"

Msichana akazungusha macho bila haraka. Alimtazama prefe, aliyekuwa anapangusa miwani. Alimtazama Fiacre mlangoni, naye akamtikisia kichwa kumtia moyo. Alimtazama mwalimu mbele ya ubao, macho yakakaa juu yake kidogo, kama mtu anayesoma jina la duka lililofungwa.

"Jina haikuandikwa, Madame," akasema. "Niikale?"

Wengine wakacheka, Madame akacheka pia, akasema watoto wa hapa wana akili, na akaandika kitu. Théodore hakusubiri. Akaruka haraka kwenye pointi ya pili, ile rahisi, ile wanayoipenda, na ili mikono ipate kazi akaitoa telefoni mfukoni na kuiinua juu mbele ya darasa, kioo kikimtazama yeye.

"Kode ni siri," akasema. "Murudilie."

Hawakurudilia. Walikuwa wanatazama telefoni. Upande wao ulikuwa mgongo, na mgongoni sparadra ya manjano, na juu yake tarakimu nne za kode, kubwa, safi, kwa mkono wa Fiacre. Kule nyuma Héritier, ambaye kazi yake mnaijua, akaanza kusoma kwa sauti, na kwa kuwa pale shuleni mmoja akisoma wote wanafuata, darasa zima likapokea, polepole, kwa Kifaransa kizuri cha kukaririshwa:

"Deux. Quatre. Six. Huit."

Madame Suzanne akauliza wanasoma nini. Mlangoni Fiacre akawa wa kwanza kucheka, kicheko chake kipana cha mtu mpole, na alipocheka yeye wengine wakaona wameruhusiwa. Prefe akacheka. Madame, bila kujua kitu, akacheka kwa adabu. Théodore aligeuka atazame ubao, akawapa mgongo wake wa bluu wenye maneno, na kwa sababu bega linalotikisika linaweza kuwa la kitu chochote, akajitahidi lionekane la kicheko.

Nadège alikuwa ameinama kwenye daftari. Alinakili pointi ya pili kama ilivyokuwa ubaoni, akakata mstari juu ya pointi ya nne, ile ya mtu mzima, akafunga kalamu.